Mtihani Usiosomewa

Kitabu nilikinunua kwa dola nne, kwenye duka la vitu vya mitumba hapa Louisville, Kentucky, Januari 2024. Jalada lilikuwa limeungwa kwa selotepu. Ndani mlikuwa na mazoezi ya LSAT, mtihani anaofanya mtu anayetaka kuingia chuo cha sheria Marekani. Mwenye kitabu wa kwanza hakuandika jina lake, lakini alichora karibu kila ukurasa kwa penseli: mistari mifupi sita imelala kwa safu, herufi juu yake, vishale, misalaba. Pembeni akaandika muda aliotumia. Kurasa za mwanzo dakika 19. Katikati 13. Mwishoni 8, tena 8, halafu 7 na nusu. Nilikaa ndani ya gari nimewasha hita, nikamfuata mtu nisiyemjua akijifunza. Mwanzoni alifuta sana hadi karatasi ikachubuka. Mwishoni hafuti kitu.

Nikajisemea, kumbe hili jambo linasomeka.

Wakati ule sikujua kwamba nimegusa ugomvi wa miaka zaidi ya sabini. Mtihani huu ulitungwa na watu walioamini kwamba hausomeki.

*

Mimi ni mkalimani wa mahakama, mwaka wa nane sasa. Wengi ninaowasemea ni Wakongomani, baadhi yao wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wakakaa miaka na miaka kabla ya kupandishwa ndege. Kiswahili chao na changu si kimoja. Mimi nasema pesa, wao wanasema feza. Mimi nimekulia Lushoto, nikazungumza Kisambaa kabla ya Kiswahili, na Kiingereza nikakutana nacho shuleni. Lakini tunaelewana, na mahakama inatosheka.

Kiapo cha mkalimani kinamkataza kushauri. Mzee wa umri wa baba yangu ananigeukia na kuninong'oneza, "Baba, niseme nini hapa?" Nami sina ruhusa ya kumjibu. Kazi yangu ni kusimama na kulisema swali hilo kwa Kiingereza, kwa sauti, mbele ya jaji na wote waliohudhuria, kama vile ni mimi ninayeuliza niseme nini. Ukilifanya jambo hilo miaka minane, ama unazoea ama unaanza kutafuta namna ya kuhamia upande wa pili wa meza. Mimi nilikuwa na miaka 41. Mke wangu akasema, "Baba watoto, kama ni kwenda, nenda sasa. Usije ukanihadithia uzeeni." Nilipompigia mama kumwambia naanza kusomea mtihani, alicheka. "Mwanangu, si ulishamaliza shule?"

*

Mwaka 1945 vita vilikuwa vinaisha, na serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kupitisha, mwaka uliotangulia, sheria ya kuwalipia karo askari wanaorudi. Vyuo vilijua mafuriko yanakuja. Frank Bowles, aliyeshughulikia udahili katika chuo cha sheria cha Columbia, alimwandikia Henry Chauncey wa Bodi ya Vyuo kuuliza kama unaweza kupatikana mtihani wa kuchuja waombaji ulio bora kuliko uliokuwepo. Hakutaka mtihani wa kupima nani atakuwa wakili mzuri. Alitaka utakaotabiri alama za mwaka wa kwanza chuoni. Tofauti hiyo ni kubwa, na inasahaulika upesi. Mtu anaweza kuwa wakili hodari miaka arobaini baada ya kuchechemea mwaka wake wa kwanza, na mtihani huu haujawahi kudai kwamba unamwona mtu huyo.

Harvard na Yale wakaitwa, wakakubali. Wengine walisita. Chuo Kikuu cha New York kiliandika wazi kwamba hakijashawishika na faida ya mtihani wa namna hiyo, ila kipo tayari kujaribu. Tarehe 10 Novemba 1947 wawakilishi wa vyuo walikaa kikao kujadili mtihani uweje. Mtu mmoja alileta hoja ambayo mimi naiona ya maana: je, wapimwe pia historia na fasihi, kwa ajili ya wale waliosomea mambo ya ufundi tu? Hoja ikatupwa. Mtihani usiulize unajua nini. Uulize akili yako inafanyaje kazi. Mwaka 1948 ukafanyika kwa mara ya kwanza, na alama zikatolewa kati ya 200 na 800.

Katika uamuzi ule mna wema fulani. Kama hakuna cha kukariri, basi mtoto wa mkulima na mtoto wa jaji wanakaa dawati moja wakiwa sawa. Ndivyo walivyofikiri, au ndivyo walivyopenda kufikiri. Huku nyuma, mwaka 1946, Heman Sweatt, mwajiriwa wa posta mweusi huko Texas ambaye tayari alikuwa na shahada, alikuwa amekataliwa na chuo cha sheria cha Texas kwa rangi yake peke yake. Ilibidi afike Mahakama Kuu ya Marekani ndipo ashinde, 1950. Katika nchi kama hiyo, mtihani usiotazama uso wa mtu ungeweza kuonekana kama neema.

Lakini imani ile ilizaa amri ya kimya: usisome. Watungaji wa mitihani ya aina hii walishikilia kwa miaka mingi kwamba kufundishwa hakubadilishi alama kwa kiasi cha maana. Kama ni akili unayopimwa, tuisheni itafanya nini?

Kijana mmoja wa Brooklyn hakuamini. Stanley Kaplan alianza kufundisha wanafunzi mwaka 1938 katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi wake, na akajenga biashara nzima juu ya kutoamini huko. Walimu wakubwa walimtazama kama mtu anayeuza dawa ya kienyeji kwenye kituo cha basi. Mwaka 1979 serikali yenyewe, kupitia tume yake ya biashara, ilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya madarasa ya namna hiyo: kwa baadhi ya wanafunzi, alama zilipanda. Mwaka huohuo jimbo la New York lilipitisha sheria iliyosukumwa na seneta wa jimbo, Kenneth LaValle, kwamba mtihani ukishafanyika, maswali na majibu yake yafichuliwe. Ilianza kutumika Januari 1980.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa kilichofuata. Tulikua na vile vijitabu vya maswali ya Necta ya miaka iliyopita, vikiuzwa juu ya turubai nje ya stendi, kurasa zimepigwa chapa vibaya hadi namba haisomeki kama ni 3 au 8. Swali likishatoka nje, haliwi tena siri ya aliyelitunga. Watu wanaliweka mezani, wanalipasua, wanaona limeunganishwa vipi. Ndivyo ilivyokuwa na LSAT. Baada ya muda wenye mtihani wenyewe wakawa wanauza pepa zao za zamani, zimepewa namba, na ya kwanza katika mfululizo huo ni ya Juni 1991, mwaka ambao alama zilibadilishwa kuwa kati ya 120 na 180 kama zilivyo hadi leo. Mwaka 2018 mazoezi rasmi yakawekwa kwenye intaneti bure kupitia Khan Academy. Wenye mtihani wenyewe sasa walikuwa wanawaambia watu: someni.

Sitaki kuruka kesi moja ya katikati. Mwaka 1971 Marco DeFunis alikataliwa na chuo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Washington, huku waombaji wa makabila ya walio wachache wenye alama za chini kuliko zake wakichukuliwa. Akashtaki, akaamriwa achukuliwe wakati kesi inaendelea, na kesi ilipofika Mahakama Kuu mwaka 1974 alikuwa amebakiza muhula wake wa mwisho. Majaji wengi wakasema hakuna tena cha kuamua. Jaji William Douglas hakuridhika, akaandika maoni yake peke yake, na humo akaugeukia mtihani: alitilia shaka kama unaweza kuwapima kwa haki watu waliokulia nje ya utamaduni wa walio wengi. Douglas mwenyewe alikulia katika umaskini huko Yakima, Washington. Niliyasoma maoni hayo usiku mmoja badala ya kufanya mazoezi. Sikujuta, ingawa saa mbili za mazoezi zilikwenda na maji.

*

Sehemu aliyochora mwenye kitabu changu inaitwa michezo ya mantiki. Iliingizwa katika mtihani mwaka 1982: dakika 35, michezo minne, maswali ishirini na kitu. Haina uhusiano wowote na sheria. Nitatunga mmoja hapa ili msomaji auone.

Mashahidi sita, Asha, Bakari, Chausiku, Doto, Elia na Fatuma, watatoa ushahidi siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi, mmoja kila siku. Mahakama za mtihani hukaa hata Jumamosi. Asha atatangulia Bakari. Chausiku atatoa ushahidi siku inayofuata tu baada ya Doto. Fatuma hawezi kuwa wa kwanza wala wa mwisho. Swali: ikiwa Elia ni Jumatano, nani anaweza kuwa Jumamosi?

Ukijaribu kichwani, utazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Ukichora mistari sita na kuweka E juu ya mstari wa tatu, mambo yanaanza kutulia. Doto na Chausiku wameshikana mikono, kwa hiyo wanahitaji siku mbili zinazofuatana: Jumatatu na Jumanne, au Alhamisi na Ijumaa, au Ijumaa na Jumamosi. Wakichukua mbili za mwanzo, zinabaki Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Fatuma hawezi kukaa mwisho, Asha hawezi kumfuata Bakari, basi Jumamosi ni ya Bakari. Wakichukua Alhamisi na Ijumaa, hesabu ni ileile, Bakari tena. Wakichukua mbili za mwisho, Jumamosi ni ya Chausiku. Jibu ni Bakari au Chausiku, hakuna mwingine.

Mara ya kwanza nilipofanya sehemu nzima nilipata maswali sita. Mwezi Aprili nilikuwa napata 19 na 20. Sijawahi katika maisha yangu ya shule kuona kitu kikipanda namna ile. Nilichora kwenye bahasha za bili ya umeme. Nilichora mahakamani wakati wa mapumziko, kwenye daftari langu la manjano. Mke wangu akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku ananikuta nimelala mezani, penseli mkononi.

Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Sehemu nyingine za mtihani ni za kusoma: hoja fupi unazotakiwa kuzitafutia kasoro, na vifungu virefu juu ya sanaa, sayansi, sheria. Mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu haongezewi hata dakika moja. Kuna toleo la Kihispania kwa ajili ya vyuo vya sheria vya Puerto Rico. Kiswahili, nani atakitungia? Lakini ndani ya michezo Kiingereza kilikuwa kidogo mno. Kabla ya, baada ya, karibu na, si wa kwanza. Ukishavuka sentensi tano za mwanzo, mimi na mtoto aliyezaliwa Boston tulikuwa sawa. Ile ahadi ya mwaka 1947, dawati moja, niliiona pale na si kwingine.

*

Mwezi Machi nilipoingia kwenye tovuti kujisajili ndipo nilisoma kwamba michezo inaondolewa. Tangazo lilikuwa limetoka tangu Oktoba 2023 na mimi sikuwa na habari. Juni 2024 ungekuwa mtihani wa mwisho wenye michezo. Kuanzia Agosti, nafasi yake inachukuliwa na sehemu ya pili ya hoja.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Kisha nikatafuta kujua kwa nini, nikakutana na Angelo Binno.

Binno ni mtu wa Michigan, kipofu tangu kuzaliwa. Nyaraka za kesi yake zinasema anazungumza lugha tatu na aliwahi kufanya kazi katika idara ya usalama wa ndani ya Marekani. Alitaka kusomea sheria. Rudi sasa kwa Asha na Bakari na mistari yao sita, ufumbe macho. Unaweza kusomewa swali kwa sauti. Unaweza kupewa nukta nundu. Unaweza kuongezewa muda. Lakini kila kitabu cha mazoezi, kila mwalimu, kila darasa litakuambia neno lilelile la kwanza: chora. Na mchoro ni kitu cha kutazama mara moja chote kwa pamoja. Kipofu anatakiwa kuishika safu nzima kichwani, huku akijibu swali la pili linalobomoa alichokijenga kwa swali la kwanza.

Mwaka 2011 Binno alikishtaki Chama cha Wanasheria wa Marekani, ABA, kwa sababu ndicho kinachovipa vyuo ithibati, na kanuni yake iliwataka watumie mtihani wa kuaminika katika udahili. Wakili wake alikuwa Richard Bernstein, naye kipofu, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Michigan. Mahakama ikasema umekosea mtu wa kumshtaki: mtihani si wa ABA. Mahakama ya rufani ikakubaliana nayo mwaka 2016. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Miaka sita, na jibu ni kwamba amebisha hodi mlango usio wake.

Akaenda mlango wa pili. Mwaka 2017 aliwashtaki wenye mtihani, LSAC, pamoja na mwanamke mwingine asiyeona. Oktoba 2019 pande mbili zilipatana: LSAC ilijipa hadi miaka minne kufanya utafiti na kubadilisha sehemu ile. LSAC haikuwa ngeni katika mashauri haya. Mwaka 2014 ilikwisha kukubali kulipa zaidi ya dola milioni 7 katika shauri lililoletwa na California na serikali kuu. Kabla ya hapo, mwenye ulemavu aliyepewa muda wa ziada alama zake zilipelekwa vyuoni zikiwa na alama ya kumtambulisha. Wengine waliona aibu, wasiombe kabisa.

Nilizisoma hukumu za Binno kama ninavyosoma majalada kazini, polepole, na nikaona hoja yake haina kasoro. Unaweza kuuliza, kwani wakili anahitaji kuchora? Hahitaji. Jaji Bernstein anakaa kwenye kiti chake bila kuchora chochote. Sehemu ile ilipima jambo la kweli, lakini ililipima kupitia macho, na kwa kuwa karibu wote waliotunga na waliofanya walikuwa na macho, hakuna aliyeona. Miaka 42 nzima. Kama ningepewa kura ningempigia Binno. Na kura hiyo ingeninyang'anya mahali pekee katika mtihani ambapo Kiingereza hakikunitangulia. Mambo hayo mawili nimejaribu kuyapatanisha nikashindwa, nikaamua kuyaacha kama yalivyo.

Nilijisajili kwa Juni, niwahi. Wiki ya mtihani, kesi moja iliyokuwa imeahirishwa mara mbili ikapangwa. Mkalimani mwenzangu alikuwa amelazwa. Mshtakiwa alikuwa amekaa rumande miezi mingi akingojea tarehe hiyo. Ningeweza kusema siwezi, na kesi ingesogezwa tena hadi vuli. Sikusema. Mtihani wa mwisho wenye michezo ulipita nikiwa nimesimama kando ya mtu, nikisema "mimi" kwa niaba yake.

*

Kilichobaki ni hoja, na katika hoja adui yangu alikuwa neno moja la Kiingereza, unless.

Chukua sentensi hii: kibali hakitatolewa, unless ada imelipwa. Kwa miaka yote nimeitafsiri hivi: kibali hakitatolewa mpaka ada ilipwe. Hakuna Mswahili atakayeilaumu sentensi hiyo. Mtihani ukauliza: ada imelipwa, je, kibali kitatolewa? Nikajibu ndiyo. Kosa. Swali la namna ileile siku iliyofuata, kosa tena. Katika maswali ya aina hiyo nilikosea karibu nusu, na sikuelewa kwa nini mtu anayeishi kwa maneno akosee neno.

Kosa lilikuwa kwenye mpaka. Mama alikuwa akituambia, "Hutoki nje mpaka umalize kula." Tulimaliza, tukatoka. Mpaka ya mama ina ahadi ndani yake: timiza, upate. Lile neno la Kiingereza halina ahadi. Linasema tu kwamba bila ada hakuna kibali. Ada ikilipwa, kibali kinaweza kutoka, kinaweza kukwama kwa sababu nyingine kumi.

Siku nyingi nilitafuta Kiswahili chake. Nikakipata mlangoni mwa uwanja wa mpira: haingii ila mwenye tiketi. Hapo hakuna ahadi. Mwenye tiketi akija amelewa anarudishwa. Ila inafunga mlango bila kuahidi kuufungua. Tangu hapo, kila nilipokutana na neno lile nilinong'ona ila, na makosa yakapungua hadi mawili, hadi moja. Hakuna kitabu cha mazoezi kilichonifundisha hivyo, na wala kisingeweza.

Lakini usiku niliogundua hivyo sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu. Masharti ya dhamana, ya kifungo cha nje, makubaliano ya kukiri kosa, yote yamejaa neno lile. Hutarudishiwa leseni unless umemaliza kozi. Hutaonana na watoto unless ripoti imefika. Miaka minane nimesema mpaka. Mtu anamaliza kozi, anakuja dirishani na cheti chake mkononi, anaambiwa bado. Je, alinisikia nikimwahidi? Nilisimama mbele yake nikiwa nimekula kiapo, nikasema kwa Kiswahili safi kitu ambacho jaji hakukisema. Sijui ni wangapi.

Asubuhi nilimwandikia msimamizi wetu wa ukalimani kumweleza. Akajibu kwa adabu kwamba ni jambo zuri la kujadili kwenye semina ijayo. Nikalijadili. Mkalimani wa Kinyarwanda akasema hajawahi kulifikiria katika lugha yake, na akaenda zake akiwa amenyamaza.

*

Mtihani niliufanya Oktoba 2024, nyumbani, mbele ya kompyuta. Msimamizi aliye mbali, sauti tu, aliniamuru nizungushe kamera chumba kizima: chini ya meza, dari, nyuma ya mlango. Nikatakiwa nionyeshe karatasi zangu za rasimu pande zote mbili, kwamba ni nyeupe. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa jirani. Mke wangu alikuwa amelala chumba cha pili baada ya zamu, na nilimwomba Mungu asikohoe.

Sehemu nne, dakika 35 kila moja, na moja kati ya hizo haihesabiwi ila huambiwi ni ipi. Kabla ya sehemu ya kwanza kufunguka nilikuwa na sekunde kadhaa, na mkono wangu, kwa mazoea, ukachora mistari sita kwenye karatasi. Niliiona nilipomaliza kuichora. Nikaiacha.

Nilipata 157. Mwanzoni kabisa, kabla ya kusoma, nilikuwa na 142. Kama ningefanya Juni pengine ningepata zaidi, na pengine hapana. Vyuo viwili vimenijibu, kimoja hapana, kimoja ndiyo, cha jioni, miaka minne. Nilipompigia mama kumwambia, aliuliza kama sasa nimemaliza shule. Nikamwambia ndiyo kwanza naanza.

"Basi usiku utalala saa ngapi?" akauliza.

Kitabu cha dola nne nimekirudisha kwenye duka lilelile la mitumba. Michezo iliyomo haina kazi tena, lakini niliandika dakika zangu chini ya zake kila ukurasa, na nikaacha penseli ndani.